Inabana Kidogo Tu, Baba

Niliporudi kutoka Xintang, miguu imenivimba kwa kuzunguka viwanda vya jinzi, nilimkuta mume wangu Hafidh sebuleni kwetu hapa Guangzhou amevaa kitu kifuani. Kamba mbili zimepita mabegani, nyingine imezunguka mbavu, na katikati ya kifua kuna mfuko mgumu wa nailoni, rangi ya majani makavu, mdomo wazi. Juu ya meza palikuwa na mifuko mingine miwili ya namna hiyohiyo, mmoja wa kufunga kiunoni na mmoja wa kufunga pajani.

"Baba Ahmada," nikamwambia, "umeacha biashara umeingia jeshini?"

Hakucheka. Hafidh akiwa na oda iliyomkalia vibaya hacheki hata umtekenye.

"Hii sampuli ya tatu," akasema. Akainama, akainuka, akajigeuza kama bibi harusi mbele ya kioo. "Tazama inavyokaa. Wallahi ningeweza kulala nayo. Sasa sijui mkweo anataka nini zaidi."

"Ameikataa?"

"Hajaikataa. Anasema iko sawa, inabana kidogo tu. Lakini uso wake hausemi hivyo."

Mwenyewe akatoka jikoni na birika la chai. Chausiku, mke wa mwanetu Ahmada. Akanipa shikamoo, akanipokea mizigo, akanivua na viatu nisivyomwomba anivue. Mtoto huyu nampenda, na nilimpenda zaidi siku niliyoambiwa kazi yake. Anaongoza watalii, lakini si wale wa kwenye gari la kufunua paa. Wa kwake wanatembea kwa miguu porini, wamebeba mahema na chakula mgongoni, na wanalala huko huko. Kambi yao inaitwa Nyati Mmoja, na hapo kambini yeye ndiye mwanamke wa kwanza kusomea uongozaji mpaka akafika hatua ya kupewa silaha. Mbele ya msafara kuna bunduki kubwa, ila bunduki huwezi kuishika huku unachota maji au unapigilia vigingi vya hema. Kwa hiyo kiongozi hutakiwa awe na bastola mwilini, ya kupiga juu na kumshtua mnyama aliyesogea mno. Wenzangu wa Kariakoo walidhani nitanuna kusikia mkwe wangu anabeba bastola. Ninune nini? Nilitangaza mpaka kwa watu tusiosalimiana.

Sasa ndiyo hivyo, bastola ilikuwa inataka kumponyoka. Mkuu wa waongozaji, kijana wa Moshi aitwaye Calvin, alimfuma siku moja ya mazoezi, mchana wa jua kali, ameivua na kuitia ndani ya begi. Calvin hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba silaha iliyovuliwa ni sawa na silaha isiyokuwepo. Atafute ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, atakayoweza kukaa nayo kutwa nzima na begi mgongoni bila kuivua. Akiipata, ataongoza msafara msimu huu. Asipoipata, atabaki mapokezi akiwagawia wageni juisi ya ukwaju. Na kwa kuwa kambi nzima ilikuwa inahitaji ala mpya, na wakwe zake tuko Guangzhou, wakamkatia tiketi aje achague mwenyewe. Calvin angepiga simu ya video Ijumaa, aione mwilini mwake, aamue. Siku niliyorudi mimi ilikuwa Jumatano.

"Haya, nieleze," nikamwambia Chausiku. "Ya kiunoni ina kasoro gani?"

Macho yakamwaka. Akalivaa begi lake kubwa, akaufunga ule mkanda mpana wa kiunoni.

"Unaona, mama? Begi kama hili mzigo wote unakaa nyongani, haukai mabegani. Mkanda wake unataka palepale ala inapotaka. Nikiiweka juu ya mkanda inacheza. Nikiiweka chini, begi linaikandamiza, na mkono hauingii. Mpaka niitoe, tembo ameshakunywa chai yetu."

"Na ya pajani?"

"Ya pajani nzuri kwenye sinema! Porini kila mwiba unaijua kwa jina. Halafu ukitembea kutwa, paja linachubuka utadhani umepigwa na mwalimu wa madrasa."

Hafidh akacheka hapo. Na mimi nikacheka, kwa sababu anaeleza kwa mikono na mabega na nyusi, mtu mzima wa kazi yake.

"Na ya kwapani, ile ya polisi wa kizamani?"

"Kamba za begi zinapita hapo hapo, mama. Hiyo hata hatukuishona. Inabaki ya kifuani. Waongozaji wote wanaipenda. Haigusani na mkanda wa kiunoni, mkono unaifikia hata ukiwa umekaa, hata ukiwa ndani ya hema."

"Basi hii aliyoivaa baba yako ndiyo yenyewe."

Chausiku akatazama birika. "Ndiyo, mama. Iko sawa. Inabana kidogo tu."

Yule msemaji wa dakika moja iliyopita ameyeyuka. Nikamtazama Hafidh, nikamkuta anasoma dari. Nikajua hapa pana jambo, ila sikujua ni lipi, na mimi jambo nisilolijua huniwasha mwili mzima.

"Kesho tunapanda Baiyun," nikasema. "Mlima ndio utatuambia."

*

Bastola ya kuitia humo hatukuwa nayo, na hata ya kuchezea mtoto Hafidh hakutaka isikike ndani ya nyumba. Huku si mahali pa mzaha wa aina hiyo. Karakana iliyotushonea ala ina kipande cha plastiki cha buluu chenye umbo la bastola, kizima, hakina tundu wala kifyatulio, cha kupimia tu, lakini mwenye karakana hakiruhusu kivuke mlango. Kwa hiyo Chausiku alichukua mche wa sabuni ya kufulia, akauchonga kwa kisu cha jikoni, akaufunga pamoja na betri kuukuu mpaka uzito ukamridhisha. Hafidh akaushika, akaugeuza, akauliza kama hautafanana.

"Baba, ni sabuni," Chausiku akasema.

"Ndiyo, lakini inafanana na nini?"

"Na sabuni."

Alfajiri tukatoka. Begi la Chausiku tulilijaza chupa za maji mpaka likawa na uzito wa safari yenyewe. Alivaa suruali ya kazi, shati refu la buluu nzito, mtandio kafunga vizuri, na ala ile ya kifuani juu ya shati. Hafidh akatangulia mbele kabisa, hatua nyingi, mikono nyuma. Baba mkwe hatembei ubavuni kwa mke wa mwanawe aliyebana mikanda kifuani. Hilo nalielewa, sote tumelelewa.

Mwanzoni alipanda kama swala. Nilimfuata nikihema, nikimwita punguza, mwanangu, mkweo nimezaliwa zamani. Tukapitana na wazee wa Kichina wanaotembea kinyumenyume kwa ajili ya afya, na mabibi wenye redio kiunoni. Tulipofika kwenye ngazi za mawe nikaanza kuona. Kila baada ya hatua kadhaa anaingiza kidole gumba chini ya ile ala na kuisukuma mbele apumue. Anapinda bega la kushoto. Anaachia. Anaingiza tena.

Mara mvua. Mvua ya Guangzhou haina hodi. Ilitumwagikia tukiwa wazi kabisa, na kibanda cha kupumzikia kiko juu huko. Tukakimbia. Tulipoingia kibandani nikasikia mabibi wale wa redio wanacheka, wanaoneshana kwa vidole. Nikageuka. Mkwe wangu anatoa povu. Povu jeupe limejaa mdomo wa ala, linamshuka kifuani mpaka tumboni, linatiririka kwenye suruali.

"Sabuni!" nikapiga ukelele huku nacheka. Bibi mmoja akatupatia pakiti nzima ya karatasi laini. Mwingine akapiga picha. Hafidh alichungulia mara moja tu, akaona mkwe wake anafutwa kifua, akafungua mwavuli, akatoka nje ya kibanda na kusimama mvuani ametupa mgongo.

Nilikuwa namfuta bado nacheka, mkono wangu ulipogusa ubavu wa ziwa la kushoto, juu ya shati. Akaruka.

Nikaacha kucheka.

"Chausiku. Pameumia?"

"Kidogo, mama."

"Nitakupiga na hilo neno kidogo. Sema."

Akatazama nje, akaona baba mkwe wake yuko mbali na mvua inapiga kelele. Ndipo akasema, upesi upesi, kama anatapika.

"Inakaa juu ya maziwa, mama. Hicho kibao kigumu cha nyuma, kwa wanaume kinalala bapa. Kwangu kinakanyaga. Begi linavuta nyuma, kibao kinasukuma, mimi niko katikati. Asubuhi naweza. Ikifika mchana siwezi kuinua mkono. Siku ile Calvin aliyonikuta nimeivua, nilikuwa nimeshaanza kuona kizunguzungu."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Wote pale wanaume. Wamenisubiri mwaka mzima niseme kazi nzito. Niende nikawaambie tatizo ni maziwa?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye povu, yakazidi. "Nikaona bora nivumilie. Halafu nimefika huku, anayenishonea ni baba mkwe! Kila sampuli ananiuliza, imekaa vizuri? Mama, ningemwambia nini baba?"

Nilimkumbatia na povu lake. Nilikuwa na hasira iliyokosa mtu wa kumkalia. Mficha uchi hazai, wanasema, na huyu alikuwa anakaribia kupoteza kazi aliyoilia kwa sababu ya staha. Lakini staha hiyo nani alimfundisha kama si mama zake, na mimi mmojawapo?

"Tunashuka," nikasema. "Karakana sasa hivi. Na hilo shati usilibadilishe."

*

Karakana iko nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, kwenye vichochoro ambamo pikipiki za vitambaa hazimjali mtu mzima wala mtoto. Mwenyewe ni mama wa Kichina aitwaye Huang, mfupi, ana sauti ya kupasua nazi. Tumezoeana. Mimi namwita laoban, bosi, na yeye ananiita dada, neno aliloliokota kwa Watanzania na kulitumia kwa kila mtu, wanaume wakiwemo.

Shati la Chausiku lilikuwa limekauka kwa feni za kwenye treni. Akasimama chini ya taa ya meza ya kukatia, na hapo ndipo nilipokaribia kushangilia. Povu lilikuwa limekauka juu ya ile buluu nzito likaacha alama. Pale ala ilipokuwa imelala kwa raha palibaki wingu jepesi. Pale ilipobana palikuwa na mstari mweupe, mkali, umesuguliwa ndani ya kitambaa. Mstari huo ulipita juu ya ziwa la kushoto, ukakata kona, ukaingia kwapani. Mafundi wetu nyumbani huchora nguo kwa kipande cha sabuni kabla ya kukata. Leo mwili wa mkwe wangu ulikuwa umejichora wenyewe.

"Laoban!" nikaita. "Njoo uone!"

Huang akaja, akainamia, akafuata mstari kwa kidole bila kugusa. Akaguna. Kisha akamtazama Chausiku kifuani, akanitazama mimi, akaangua kicheko akapiga meza. Kwa Kichina changu cha sokoni na simu ya kutafsiri nikamwelewa. Alikuwa ameuliza vipimo vya atakayevaa. Mume wako, akasema, aliniambia hakuna haja. Akajivua koti. Akasema tumia mimi. Huang akaniigizia: kifua mbele, tumbo ndani, mikono juu, anajigeuza kwenye kioo.

Hafidh alikuwa mlangoni, amejibanza kati ya marobota mawili.

"Baba Ahmada. Ala ya mkwe wako umepimiwa wewe?"

"Saizi ni saizi," akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe una maziwa?"

"Mama Ahmada, watu!"

"Watu gani? Wachina hawasikii, na Chausiku anajua kama hunayo!"

Akakasirika naye, kwa haki yake. "Ningempimaje?" akasema. "Hebu niambie. Ningesema nini? Nyoosha mikono, mwanangu, baba mkwe akuzungushie futi? Wewe ulikuwa Xintang."

"Na simu nayo ilikuwa Xintang?"

"Kwenye simu ningesema nini? Nitamke vipi?"

Kweli, angetamka vipi? Huyu ni mtu ambaye dukani akiuziwa sidiria za jumla husema "zile nguo ndogo za juu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu hata kukitazama kitanda alikuwa anaona haya. Chausiku amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka amepaliwa.

"Geuka ukutani basi," nikamwambia Hafidh, "wanawake wafanye kazi."

Akageuka. Nilimwona ameshukuru.

Enhe! Kazi ile niliipenda. Huang alikibandua kile kibao kigumu, akakipunguza, na tukakishusha chini kabisa ya ziwa, kwenye mbavu za juu, mahali ambapo mwanamke yeyote aliyewahi kufunga mtoto mgongoni anajua pana uwanja. Tukakilaza upande, mdomo ukielekea mkono wa kulia. Chausiku akajaribu kile kipande cha buluu. Kikagoma kutoka, begi linagusa kiwiko. Tukainua kidogo. Kikatoka, ila mkanda wa bega ukateleza shingoni. Huang akaukata mkanda bila kuuliza mtu, akaupitisha bega la kushoto karibu na shingo, ndani ya mkanda wa begi, usipandane nao. Ule wa kuzunguka mbavu tukaufanya mpana kama wa kubebea mtoto.

"Hewa," Chausiku akasema. "Mchana jasho linaiva humu."

Mimi nilikuwa nimeshafika ngazini. Soko lilikuwa linakaribia kufunga, na mtu wa kumwamini kwa kitambaa cha wavu chenye sifongo ndani nilikuwa namjua, yuko ghorofa ya tatu, nyuma ya wauza zipu. Nilikimbia kwa miguu ile ile iliyovimba. Aliponiambia mei you, hakuna, nikaingia mwenyewe nyuma ya meza na kukitoa chini ya marobota yake, tukacheka wote wawili, akanikatia.

Kifungo cha plastiki nacho kilikuwa kinakaa chini ya kamba ya kifuani ya begi, kinachimba. Tukakihamishia ubavuni. Sindano ya mwisho ilipotoka, Chausiku akavaa ala, akavaa begi, akashuka ngazi za jengo mpaka chini na kupanda mpaka juu, akashuka tena. Tulimsikiliza sote, mafundi wameacha mashine. Kila akirudi namtazama kidole gumba. Hakikuingizwa popote.

Tulikwenda kula kwa Muislamu wa tambi pale jirani. Tumekula, tumekunywa chai, nikamwambia Chausiku sasa vua upumzike. Akanitazama haelewi. Akajishika kifuani.

"Astaghafirullah," akasema. "Nilisahau kama nimeivaa."

Nilimwita mhudumu aongeze nyama.

*

Ijumaa asubuhi tulipanda juu ya paa la jengo la karakana, kwa kuwa kile kipande cha buluu hakivuki mlango, na paa bado ni ndani ya mlango. Kuna matangi ya maji, kamba za nguo, na mafundi wa kike wa Huang waliopanda kutazama wakijifanya wanaanika. Chausiku alikuwa ameivaa ala toka alfajiri. Begi limejaa chupa. Midomo imekauka.

"Mama, akisema hapana?"

"Akisema hapana nitapanda ndege nimfuate."

Mimi nilitakiwa kumsaidia kulivaa begi na kuwaondoa mafundi mbele, kwa hiyo simu akashika Hafidh. Oda ni yake, akasema, ni lazima ashike yeye. Ikalia. Calvin akatokea, nyuma yake miti na jua jipya la nyumbani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Chausiku, wageni wangu wanafika sasa hivi, sina muda mrefu. Uko tayari?"

"Tayari."

"Tembea na mzigo. Piga magoti, shika kigingi cha hema. Nikisema, simama utoe."

Chausiku akaenda mpaka kwenye tangi la mwisho, akageuka, akaja. Akapiga magoti, mikono chini. Calvin akasema toa. Aliinuka na kile kipande kiko mkononi, kimeelekezwa chini, mguu mmoja nyuma, begi halijatikisika. Mafundi wakapiga makofi. Mimi nikapiga kigelegele.

"Mzee," Calvin akasema, "mimi naona matangi ya maji."

Nikageuka. Hafidh ameshika simu kwa mikono miwili, imara kabisa, imeelekea pembeni. Na uso wake umeelekea huko huko. Mkwe wake anapita na mikanda kifuani, yeye anaangalia matangi.

"Baba Ahmada!"

"Nimeshika sawa!"

"Umemshikia nani? Geuza!"

"Mama, gari la wageni nalisikia," Calvin akasema. "Mara moja tu. Nikikosa hapa siwezi kumpitisha kwa kuambiwa."

Sijui kama Hafidh aliwahi kusikia kitu kikamwingia hivyo. Akaigeuza simu. Akaielekeza kwa Chausiku barabara, akaisogeza mpaka akaridhika kwamba yumo mzima. Halafu yeye mwenyewe akafumba macho. Wallahi aliyafumba, ameyakaza, kama mtu anayesubiri sindano.

Nikaomba tu simu isianguke.

Chausiku akaja tena kutoka kwenye tangi la mwisho. Akatembea kama anayejua wageni wako nyuma yake na porini hakuna wa kumsaidia. Akapiga magoti. Calvin alichelewesha makusudi. "Toa!" Akainuka, mkono ukapita kifuani, kipande cha buluu kikatoka bila kukwaruza popote. Sijaona kitu kizuri kama kile.

"Umeivaa toka lini?" Calvin akauliza.

"Toka alfajiri."

"Umeivua?"

"Sijaivua."

"Inabana?"

Chausiku akavuta pumzi. Nikamwona anamtazama baba mkwe wake, aliyefumba macho, kisha anaitazama simu.

"Ile ya zamani ilikuwa inabana maziwa," akasema kwa sauti ya kusikika paa zima. "Ilikuwa inaniumiza ndiyo maana niliivua. Hii haibani hata kidogo."

Nikaona Calvin anajikuna kidevu, na nilipomtazama vizuri nikaona ameona aibu, lakini si ya neno lile.

"Ungeniambia mapema," akasema. "Hapana. Ningekuuliza. Msafara wa kwanza wa msimu ni wako, Chausiku. Wewe mbele, mimi nitakaa nyuma. Na hizo ala mzilete. Kuna wasichana wawili wanakuja mafunzo mwezi ujao."

Nilipiga kelele ambazo sijui hata zilikuwa za lugha gani. Nilimrukia Chausiku na begi lake, tukayumba, Huang akatudaka akipiga kelele dada, dada, mafundi wakashangilia bila kujua tunashangilia nini. Chausiku analia, anacheka, ananiminya mpaka ile ala ikanichoma mimi.

"Haya, mzee, asante, nakata," Calvin akasema.

"Usikate."

Ilikuwa sauti ya Hafidh. Amefumbua macho. Uso umemwiva, jasho linamtoka, lakini amesimama ameutazama uso wa mke wa mwanawe moja kwa moja.

"Mwambie arudie," akasema.

"Mzee, nimeshaona. Kafanya vizuri sana."

"Wewe umeona," Hafidh akasema. "Mimi bado."

Chausiku akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akalitengeneza begi, akakirudisha kipande cha buluu kifuani, akatembea mpaka kwenye tangi la mwisho na kugeuka. Baba mkwe wake akanikabidhi simu ili mikono yake iwe mitupu, akamtazama, na safari hii yeye ndiye aliyesema toa.